Maswali ya Wasomaji: Simba Tumesajili Wengi, Ila Tshabalala Kaondoka Bure

Meseji za mwezi huu karibu zote ni usajili. Sawa, tuongee usajili. Kwa wasionijua, mimi ni Simba, sijawahi kuficha, kwa hiyo usitegemee nikae katikati kama refa. Hali mnaijua wenyewe: msimu wa 2024/25 tuliingia mechi ya mwisho, Juni 25, 2025, tukiwa nyuma ya Yanga kwa pointi moja tu, tukapigwa 2-0 na ubingwa ukaenda. Tukaingia sokoni, tukaleta watu, tukaacha watu, halafu Septemba 16 kwenye Ngao ya Jamii Pacome wa Yanga akatufunga kimoja tukalala 1-0, na kabla hata hasira hazijaisha kocha Fadlu Davids kaaga kaenda Raja Casablanca. Naelewa kwa nini simu yangu haipumziki. Nimechagua barua chache, za matusi nimeziacha, zipo nyingi.

Mwandishi habari za kazi. Bila kupepesa macho, dirisha kubwa letu la mwaka huu unalipa ngapi kwa kumi? Maana kijiweni kwetu kuna anayesema tisa na kuna anayesema mbili na wote ni Simba. (Shabiki wa Tandika, Dar es Salaam)

Walioingia nawapa nane. Walioondoka, yaani namna tulivyowaachia waondoke, nawapa tatu, na hiyo tatu ni huruma tu.

Tuanze na walioingia maana hapo pana raha kidogo. Jonathan Sowah nilikuwa namtamani tangu yupo Singida Black Stars, yule Mghana kaja kwenye ligi dirisha dogo la Januari, ule usajili wa katikati ya msimu, na mpaka msimu unaisha alikuwa na mabao 13, idadi ileile ya Ateba na Mukwala wetu walioanza kufunga mapema kabla yeye hajafika. Nimemuangalia sana akiwa ndani ya boksi, hasubiri mpira umfikie, anaufuata, na beki akimgusa anamgusa zaidi, mtu wa hivyo tulimkosa mechi nyingi. Rushine De Reuck katoka Mamelodi Sundowns, beki wa kati ambaye akipokea mpira hatafuti wa kumrudishia kipa, anaangalia mbele. Neo Maema naye katoka hukohuko Sundowns. Alassane Kanté wa CA Bizertin ya Tunisia kaja kwenye kiungo. Kwa wazawa tumemchukua kipa Yakoub Suleiman wa JKT Tanzania, na Selemani Mwalimu tumemleta kwa mkopo kutoka Wydad. Hapo huwezi kusema viongozi wamelala.

Sasa geuza karatasi. Tshabalala kaenda Yanga. Che Malone kaenda USM Alger. Ngoma hayupo, Ateba hayupo, Manula karudi Azam alikotoka 2017. Manula alikuwa hachezi, sawa, lakini hao wengine ni sehemu kubwa ya timu iliyotufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei mwaka huu, na hapo ndipo mimi na wale wa kijiweni kwenu wanaosema tisa tunapoachana.

Ile timu watu wameisahau haraka sana. Ilijengwa dirisha la 2024, baada ya msimu ule mbovu tulioshika nafasi ya tatu, tumelingana pointi na Azam, wao wakatuzidi magoli wakaenda Ligi ya Mabingwa sisi tukashuka Shirikisho. Zaidi ya wachezaji kumi waliingia kwa mkupuo: Ahoua, Mukwala, Mutale, Camara golini, Hamza, Kagoma, Nouma, Karaboue, Mavambo, Okejepha, Ateba akamalizia. Wengi tulisema hawa watoto watatuua. Miezi kumi baadaye wako Amaan, Zanzibar, fainali, Uwanja wa Mkapa CAF wameukataa, Berkane ya Morocco wanaongoza 2-0 kutoka kwao na Simba inatakiwa kupindua meza. Dakika ya 17 Mutale anafunga. Uwanja mzima unatetemeka. Kipindi cha pili kinaanza tu Kagoma anakula nyekundu, tuko kumi, na bado tunasukuma, Mukwala anafunga, watu wanakumbatiana, VAR, marudio ya video, inafuta. Dakika za lala salama Sidibé anasawazisha, 1-1, jumla 3-1, basi. Na wale walikuwa Berkane bwana, wamebeba hilo kombe 2020 na 2022, si timu ya kuokota.

Mimi baada ya pale nilijisemea, timu hii ikiachwa ikae pamoja msimu wa pili, ongeza wanne wa maana, tutaongea lugha nyingine. Ahoua alimaliza mfungaji bora wa ligi, mabao 16, msimu wake wa kwanza tu. Badala yake tumeifungua tena nati. Wengine waliondoka kwa haki, Nouma kwa mfano sikulia. Lakini muunganiko haununuliwi sokoni, unakuja kwa kucheza pamoja, na Simba imekuwa kama nyumba ya kupanga, kila Julai wapangaji wapya wanaulizana choo kiko wapi.

Shikamoo kaka. Mwanangu ana miaka tisa na ana jezi ya Simba yenye jina la Tshabalala mgongoni, tulimnunulia birthday yake. Tangu amuone na jezi ya Yanga hataki kuivaa, anasema ni msaliti. Baba yake naye anamuunga mkono. Nimwambie nini? Ni msaliti kweli? (Mama wa Morogoro)

Marahaba mama. Mwambie si msaliti, na baba yake mwambie mimi ndo nimesema.

Mohamed Hussein, ndilo jina halisi la Tshabalala, alikuja kwetu 2014 akitokea Kagera Sugar, kakaa miaka 11, kawa nahodha, kabeba ubingwa wa ligi mara nne mfululizo na sisi kuanzia msimu wa 2017/18, kacheza mpaka robo fainali za Ligi ya Mabingwa Afrika. Hajavunja mkataba. Hajatoroka kambini. Mkataba wake umeisha, akawa mchezaji huru, kaangalia mezani nani kaweka nini akachagua. Mimi na wewe tukimaliza mkataba wa kazi tunafanya hivyohivyo na hakuna anayetuchoma jezi.

Mwenye kesi ya kujibu ni uongozi. Kanuni za FIFA ziko wazi, mchezaji akibakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine atakayohamia mkataba ukiisha, na wewe uliyekuwa naye hulipwi hata mia. Kila klabu duniani inalijua hilo, ndiyo maana wenzetu wanakaa na mchezaji mezani akiwa bado na mwaka mmoja na nusu, wanamuongezea, kama hataki wanamuuza angali ana bei. Nahodha wako wa miaka 11 hukai naye wiki ya mwisho. Kama mazungumzo yalikuwepo mapema na yakagoma, sawa, basi auzwe Januari tupate chochote, lakini kumuacha mpaka mwisho halafu siku anatambulishwa Jangwani kwa Yanga tunashtuka, hapana.

Na hii si mara ya kwanza ndo maana nakasirika. Julai 1, 2024, mkataba wa Chama umeisha jana yake, leo Yanga wanamtambulisha. Chama! Yule yule ambaye 2021 tulimuuza RS Berkane, na Miquissone akaenda Al Ahly dirisha hilohilo, hela ikaingia, tukalia lakini na mfuko ulikuwa umejaa. Mwaka jana Chama bure, mwaka huu Tshabalala bure, wote kwenda kwa mtani. Mara moja naita bahati mbaya, mara mbili naita ofisi haina mtu wa kuangalia kalenda.

Jezi mama itunze. Kwa ukubwa wa miaka tisa mwakani haitamtosha hata hivyo.

Makolo wa Simba mpo? Mwaka jana Chama, mwaka huu Tshabalala, mwakani mtuletee Kapombe na Ahoua. Asanteni kwa kutulelea. Swali langu: mnajisikiaje? (Mwananchi, shabiki wa Yanga, Tabora)

Tunajisikia vibaya, asante kwa kuuliza.

Ila ndugu yangu Mwananchi na nyie msijisahau, huyo Chama mliyemchukua kwa mbwembwe alikaa kwenu msimu mmoja akaenda Singida Black Stars, na Aucho wenu kamfuata hukohuko. Baleke mliyemchukua mwaka uleule hata sijui mlimuona mara ngapi. Kwa hiyo kuchukua kwa mtani si kila mara kunakuwa usajili, wakati mwingine ni kelele tu za kuuza jezi.

Pale mlipotuzidi nitawapa sifa yenu, na nawaomba Simba wenzangu wasome hapa taratibu. Stephane Aziz Ki mlimtoa ASEC 2022 kwa mkataba wa miaka miwili. Msimu wa 2023/24 kawa mfungaji bora na mabao 21, kamuacha Feisal wa Azam na 19, na mkataba ndo unaisha, dunia nzima inasema anaondoka. Mkakaa naye mkamuongezea. Akacheza msimu mwingine, mkabeba ubingwa wa nne mfululizo, na Mei 2025 Wydad wakaja wakamnunua kwa hela, kamwacha kila mtu anacheka, yeye, nyie na mama mkwe. Mzize, straika wenu, naye katakwa na watu wa nje dirisha hili, hamkukurupuka, bado yupo. Hicho ndicho ninachokiita usajili, na hakina posti ya saa sita usiku wala muziki wa kutisha nyuma yake. Kumbakisha mtu hakupigiwi vuvuzela, ndo maana viongozi wengi hawakipendi.

Kapombe hamumpati.

Mambo vipi. Sisi huku tumefurahi sana kijana wetu Bajaber kutoka Kenya Police kusajiliwa Simba lakini tunaogopa, maana nyinyi Watanzania mnapenda kuchukua mchezaji akishavuma halafu anaenda kusugua benchi hadi tunamsahau. Ataheshimika? (Msomaji wa Mombasa)

Poa sana. Wasiwasi wako una haki lakini historia haiko mbaya hivyo. Francis Kahata alicheza Simba na akabeba makombe, Joash Onyango alikuwa beki wa kutegemewa kabisa kwa misimu kadhaa, tena watu wa hapa walimpa heshima yake mpaka leo wakiona beki mlegevu wanasema mleteni Onyango. Upande wa pili Duke Abuya kaenda Yanga 2024 na hajakaa benchi, kacheza.

Kitu cha kumwombea Mohamed Bajaber ni muda. Kanuni za ligi yetu zinaruhusu wageni 12 kusajiliwa, na Simba na Yanga wanazijaza zote, kwa hiyo mgeni akichelewa kuwaka, dirisha dogo likifika jina lake ndo la kwanza kutajwa, hata kama ana miezi minne tu. Mkenya kwetu ni mgeni sawasawa na Muivory Coast, hakuna punguzo la jirani, ingawa mimi naona lingekuwepo. Mtu wa Ghana akikosea pasi mashabiki wanasema bado anazoea, Mkenya akikosea wanasema si angebaki kwao. Hapo tunawaonea, nakubali.

Mwambieni asome mechi za mikoani mapema. Ukicheza vizuri Kigoma kwenye jua la saa kumi na uwanja unadunda, Mkapa utacheka.

Hivi anayesajili Simba ni nani? Kocha au viongozi? Maana Fadlu kaondoka Septemba na msimu haujafika popote, sasa wachezaji wake tutawafanyaje? (Mkereketwa wa Dodoma)

Swali zuri kuliko yote niliyopata na jibu lake halinifurahishi.

Kwa utaratibu wa kawaida kocha anaandika ripoti mwisho wa msimu: namba gani imepwaya, mtu wa aina gani anamtaka, nani aachwe. Halafu kuna watu wa kutafuta wachezaji, wanaangalia mechi, wanaangalia video na data, wanaleta majina matatu manne kwa kila namba. Halafu viongozi wanaangalia hela na kuongea na mawakala. Kikifuatwa hivyo, kocha akiondoka wachezaji wanabaki na maana, kwa sababu walichaguliwa kulingana na jinsi klabu inavyotaka kucheza, si jinsi mtu mmoja anavyotaka.

Kwetu kocha akiwa na nguvu anasajili kocha, kocha akiwa mpya wanasajili viongozi, na katikati wakala mmoja ana namba za simu za wote wawili. Angalia dirisha hili, kocha ni Msauzi, tumeleta De Reuck na Maema kutoka Sauzi. Wachezaji wazuri, sina tatizo nao hata kidogo, na kocha kumleta mtu anayelijua soka lake ni kawaida dunia nzima. Shida ni kwamba Septemba hiyohiyo kocha kaondoka na sisi tumebaki na mikataba. Tulimuazima Hemed Morocco, wakati huo kocha wa Taifa Stars, atuvushe kwa Gaborone United, ametuvusha, Mungu ambariki, lakini kocha anayekuja atakuta kikosi hajakichagua na Desemba ataanza kusema anataka watu wake. Mnaona tunakoelekea? Wapangaji tena.

Robertinho tuliachana naye baada ya zile tano tulizopigwa na Yanga Novemba 2023. Benchikha akaja, Aprili 2024 kaondoka. Mgunda akamalizia. Fadlu kadumu msimu mmoja mzima na kipande, na kwa viwango vyetu huyo ni mkongwe. Kama makocha watapita hivi basi lazima kuwe na mkurugenzi wa ufundi asiyepita, anayejua kwa nini tulimchukua Kanté na si mwingine, na ambaye kocha mpya akija anapewa kikosi na kuambiwa hawa ndio watu wako, ongeza wawili. Kwa klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 hiyo si anasa.

Nasoma sheria, Iringa. Nataka kujua kwa nini kila msimu kuna mchezaji mmoja anasaini timu mbili? Mwaka jana Kagoma, Lawi, Awesu, kabla yao Feisal na Dube. Sheria inasemaje? (Msomaji wa Iringa)

Wakili mtarajiwa, hapa utapata ugali wako wa baadaye.

Hizo kesi zinafanana kwa mbali tu. Lameck Lawi, Simba ilimtambulisha, Coastal Union wakasema makubaliano ya malipo hayakufuatwa, mchezaji akabaki Tanga. Awesu Awesu aliondoka KMC, KMC wakalalamika, kamati ya TFF, shirikisho letu la mpira, ikasema arudi, mwisho klabu zikakaa zikaelewana akaja kwetu. Kagoma, Yanga walisema wameshamalizana naye, akaonekana Msimbazi kwetu Simba. Ukiangalia zote tatu tatizo linaanza palepale: watu wanatambulisha kabla hawajamaliza kulipa na kuandikishana. Posti inatangulia, karatasi inafuata.

Feisal ni habari nyingine. Desemba 2022 aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akasema basi, mimi nimejinunua. Kamati ikasema hapana, bado wewe ni mchezaji wa Yanga. Kwa sababu mkataba wa mpira haufanani na wa kupanga chumba, huwezi tu kulipa na kuondoka kama hakuna kipengele kinachosema unaweza. FIFA wanasema mkataba unaheshimiwa mpaka uishe au pande mbili zikubaliane, na ukivunja bila sababu ya msingi utalipa fidia, na ukivunja ndani ya kipindi cha ulinzi, miaka mitatu kama ulisaini kabla hujafika 28, miwili kama ulishafika, unaweza kufungiwa kucheza juu ya fidia. Mwisho ilibidi mpaka Rais Samia aingilie kwa kuomba wamalizane, Juni 2023 Feisal akauzwa Azam. Rais wa nchi, kwa mkataba wa kiungo mmoja! Mtu akikuambia mpira wetu hauna ukubwa mwambie hiyo.

Sababu ya msingi ipo lakini, na wachezaji wengi hawaijui: klabu ikikaa miezi miwili haijakulipa mshahara, umeiandikia kuidai na kuipa siku 15 na bado kimya, unaweza kuvunja na ukawa sahihi. Ukimaliza chuo nenda kawafundishe hilo wachezaji wa timu ndogo, wanasaini karatasi za Kiingereza hawajasoma na nakala hawapewi.

Asalaam aleykum kutoka Muscat. Kwa nini klabu zetu hazisemi mchezaji kanunuliwa bei gani? Ulaya tunajua mpaka senti. Na huu mkopo wa Mwalimu, ukiisha tunabaki na nini? (Msomaji wa Muscat)

Waaleykum salaam. Hata Ulaya wengi hawatangazi, ni waandishi wa kule ndo wanachimba mpaka wanapata, na klabu zilizo kwenye soko la hisa zinalazimika kuandika kwenye hesabu zao. Kwetu hakuna linalowalazimisha, na kimya kina faida kwa wengi, kiongozi hajibu maswali, wakala hajulikani kachukua ngapi, na mchezaji wa pembeni hajui mwenzake kapewa nini. Ila uhamisho wa nchi na nchi wote unapita kwenye mfumo wa FIFA na bei inaandikwa mule, kwa hiyo siri ni kwetu sisi tunaolipa viingilio tu, wakubwa wanajua.

Mkopo wa Selemani Mwalimu mimi naukubali kwa msimu mmoja. Kijana aliondoka Fountain Gate Januari akaenda Wydad, akawa nao mpaka Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani, karudi nyumbani anahitaji dakika na sisi tunahitaji straika mzawa asiyekula nafasi ya mgeni. Wote tunafaidi. Lakini akifunga mabao 15, thamani yake inapanda kwa ajili ya Wydad, si ya Simba, labda kama kuna kipengele cha kumnunua na bei yake imeandikwa kabisa sasa hivi. Kama kipo, heko. Kama hakipo, tunamnoa kisu cha mwenzetu.

Nina kituo kidogo cha watoto Mwanza, kijana wetu mmoja kachukuliwa na timu ya ligi kuu. Akiuzwa nje sisi tunapata chochote au ndo asante kwa kushiriki? (Mwalimu wa vijana, Mwanza)

Unaweza kupata, mwalimu, ila kwa karatasi tu, kwa kulalamika hupati.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Msimu mmoja wa umri wa miaka 12 mpaka 15 ni asilimia 0.25 ya ada, wa 16 mpaka 23 ni 0.5. Chukua kijana kauzwa dola milioni 1 na wewe ulikuwa naye misimu miwili akiwa na 16 na 17, hizo ni dola 10,000 zako. Kituo kinajenga choo, kinanunua mipira na chenji inabaki. Samatta alivyohama Genk kwenda Aston Villa Januari 2020 hela ya namna hii ilitakiwa kurudi mpaka huku alikopita akiwa kijana.

Sharti ni kwamba kituo kiwe kimesajiliwa kwenye mfumo wa mpira, na kijana aandikishwe kwako rasmi kupitia chama cha mkoa, na jina na tarehe yake ya kuzaliwa vifanane na vya pasipoti yake. Hapa kwenye tarehe ya kuzaliwa ndo vituo vingi vinajifunga vyenyewe, mnampunguza miaka mitatu ili acheze umri mdogo, halafu siku ya hela karatasi zinakataana. Nenda mkoani wiki hii na kumbukumbu zako zote. Kama mlimwachia kwa maneno tu ya mdomo, itakuwa ngumu.

Shemeji yetu mwandishi, mume wangu tangu usajili ufungwe ananuna, hela ya jezi mpya keshatenga, anasema akinunua ataandika jina la nani mgongoni maana kila anayeandika anaondoka. Msaidie tupate amani ndani. (Dada wa Kigamboni)

Mwambie aandike lake mwenyewe, yeye ndo hana mkataba wa kuisha.

Na kama lazima liwe la mchezaji basi asubiri Januari. Dirisha dogo likipita na viongozi wakawa wamekaa na kila ambaye mkataba wake unaishia Juni, wakatuonyesha picha wanasaini, aandike la mmoja wa hao. Mimi nasubiri picha hizo kuliko straika yeyote. Wakileta watu wapya watano na hakuna hata mmoja wa ndani aliyeongezewa, shemeji mwambie hiyo hela akupe wewe ununue gesi.